Risiti ya Dola 45

Katika faili ya hesabu za parokia yetu kuna risiti moja ya dola 45. Mwenye duka aliiandika kwa kalamu ya bluu: «RAM, vipande 2». Kila mara mtunza sanduku wetu anapofunua faili ile na kufika kwenye risiti ile, ananitazama kidogo, kisha anafunua ukurasa mwingine. Hasemi neno. Mimi ndiye niliyepewa fedha zile kwenda kununua, na mimi ndiye niliyezipoteza. Leo nataka kuwaeleza jinsi zilivyopotea. Najua kwamba katika parokia nyingi, na mashule, na zahanati, kuna kompyuta ya zamani juu ya meza inayotembea kama konokono, na kuna mtu mmoja aliyeambiwa: «Wewe umesoma, tafuta dawa.»

Ni kweli, nimesoma. Katika seminari nilifundishwa Kilatini, historia na filosofia, kisha nikatoka nikapewa kazi ya ukatekista. Lakini hakuna mwalimu aliyenifungulia kompyuta nikaona yaliyomo ndani. Kwangu mimi ilikuwa sanduku lenye kioo mbele, basi. Na mtu asiyejua yaliyomo ndani ya sanduku, mwenye duka atamwuzia chochote.

Kompyuta yetu ilitoka Ubelgiji, zawadi ya marafiki, ikatufikia hapa Lubumbashi mwaka 2019. Huko ilikuwa imekwisha kufanya kazi miaka mingi katika biro. Ni sanduku jeusi la kuweka mezani, la mwaka 2011. Prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha pili, yenye viini vinne, na mapigo yake ni bilioni 3.1 kwa sekunde moja. RAM yake ilikuwa gigabaiti 4. Diski yake ilikuwa ile ya kuzunguka, gigabaiti 500. Mwaka 2020 fundi mmoja alituwekea Windows 10. Kazi yangu mimi ilikuwa kunakili humo vitabu vyetu vya ubatizo na vya ndoa, kuanzia vile vya 1958, kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kula pembe za karatasi. Nilinakili jioni, baada ya mafundisho, miaka mitatu.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Mwaka 2023 ikaanza kuchelewa. Asubuhi naiwasha, nakwenda kufagia baraza, narudi, bado. Dakika nne zinapita kabla sijaweza kuandika herufi moja. Nikitaka kufungua kitabu cha miaka ya sabini, nangoja dakika nzima. Watu wanakaa kwenye benchi wakitafuta cheti. Kijana mmoja alikuja siku tatu mfululizo kwa ajili ya karatasi ya ubatizo, maana ndoa yake ilikuwa Jumamosi, na kila alipofika mashini ilikuwa imekwama, au umeme umekatika kabla haijawaka. Siku ya tatu mama mkwe wake alikuja naye. Sitaandika hapa maneno aliyoniambia mama yule.

Basi baraza la parokia likakaa. Likasema: «Mwalimu atafute dawa ya mashini ile.» Fedha zikakusanywa katika jumuiya ndogo. Nataka mjue fedha zile zilikuwa za namna gani: mama wauza makala walitoa, wauza ndizi walitoa, mzee mmoja mshona viatu alitoa franka elfu moja. Nikazibadili sokoni nikapata dola 45 na kitu kidogo.

Nikaenda dukani. Kijana wa duka akaniuliza:

—Baba, kompyuta yenu ina RAM ngapi?

—Nne.

Akacheka. —Siku hizi nne ni njaa, Baba. Weka nane, itaruka kama ndege.

Nikalipa. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Sikuuliza swali hata moja. Mtu akienda dispensari na kusema «nina homa», muuguzi mwema hampi dawa ya malaria papo hapo. Kwanza anamchoma kidole atazame damu, kwa maana homa ina baba wengi. Mimi nilinunua dawa kabla ya kupima damu, tena kwa fedha za watu.

Nikafika nyumbani, nikafungua sanduku, vipande vikakataa kuingia. Nikavigeuza huku na huku. Kumbe kuna RAM za vizazi mbalimbali. Ile ya kompyuta yetu inaitwa DDR3, ina vidole 240 vya shaba. Niliyouziwa ilikuwa DDR4, yenye vidole 288. Tena pengo lililokatwa katikati ya vidole haliko mahali pamoja, na limewekwa hivyo makusudi ili mtu asichanganye. Kama ningetumia nguvu zaidi ningevunja bodi kuu. Nikarudi dukani, kijana akanibadilishia, lakini kwa kunung'unika. (Na kompyuta za kubebwa nazo zina RAM zao, fupi kuliko hizi. Mwende dukani na kipande cha zamani mkononi, hilo litawaponya na mengi.)

Mara ya pili vipande vikaingia, vikalia «ta!» kama kufuli. Nikaiwasha mashini. Nikaenda kufagia baraza. Nikarudi. Bado.

Dakika nne, kama jana.

Nikatazama pale panapoandikwa habari za mashini, nikasoma: RAM iliyowekwa, gigabaiti 8, inayoweza kutumika, 3.2. Nikafikiri nimeibiwa tena. La, sikuibiwa. Fundi wa 2020 alituwekea Windows ya biti 32. Mashini ya namna hiyo humpa kila mkaaji wa kumbukumbu namba yake, kama namba za nyumba katika mtaa, na namba za biti 32 zinaisha kwenye 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4 kamili. Katika hizo, sehemu nyingine zinachukuliwa na vyombo vingine vya mashini, kama vile vya picha. Zinazobaki ni tatu na kitu. Ukiweka 8, ukiweka 16, Windows ya biti 32 haina anwani za kuzifikia. Nilikuwa nimejenga vyumba vipya katika mtaa usiokuwa na namba.

Niliona haya kumwambia mtunza sanduku. Nilimwambia: «Baba, bado naitengeneza.» Huo haukuwa uwongo mtupu, lakini haukuwa ukweli pia. Miezi ikapita hivyo.

Katika likizo kubwa ya 2024 akaja binti mmoja wa parokia yetu anayesoma informatiki. Alikuja kuomba cheti, kama wengine, akakaa kwenye benchi, akangoja. Baada ya robo saa akaniambia: «Mwalimu, uniruhusu niitazame?» Nikamwachia kiti. Hakufungua sanduku. Hakuuliza RAM ngapi. Alibonyeza vitufe vitatu pamoja, Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha ambalo mimi sikuwahi kuliona, ingawa lilikuwa humo siku zote. Ndani yake mna hesabu zinazobadilika kila sekunde. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma: prosesa, asilimia 9. Kumbukumbu, asilimia 62. Diski, asilimia 100.

—Sasa nifungulie kitabu, akasema.

Nikakifungua. Prosesa ikapanda mpaka 14, ikashuka. Diski ikabaki 100, haikutikisika.

—Unaona, Mwalimu? Prosesa yako imekaa inapiga miayo. RAM yako ina nafasi. Wote wawili wanamngoja mtu mmoja.

Nitawaeleza kama nilivyoelewa mimi. Mfikirie mama anayepika bukari kwa watu wengi. Mikono yake ni prosesa. Kibanda kilicho karibu naye, anapoweka unga na maji na mwiko, ndiyo RAM: kila kitu anakifikia bila kuinuka. Na soko lililo mbali ndiyo diski: kila kitu kipo huko, lakini sharti mtoto atumwe. Sasa, bukari ikichelewa, sababu ni ipi? Labda mikono ya mama ni mizito. Basi apate msaidizi. Labda kibanda ni kidogo mno, unga hauenei, na kila mara sharti mtoto arudishe mboga sokoni ili apate pa kuweka unga. Basi apanue kibanda. Au labda kibanda kinatosha na mikono ni myepesi, lakini mtoto anayetumwa sokoni ni kilema wa mguu mmoja. Mimi nilikuwa nimempanulia mama kibanda. Mtoto alikuwa bado anachechemea njiani.

Diski ya kuzunguka ni kama santuri za zamani. Ndani yake mna sahani zinazozunguka na mkono unaokwenda na kurudi juu yake ukitafuta mahali pa kusoma. Wazo hilo ni la mwaka 1956, wakati kampuni ya IBM ilipotoa mashini yenye sahani 50, kila moja na upana wa sentimeta 61, uzito kama wa gari dogo, na zote pamoja ziliweka herufi milioni 5 tu. Sahani za siku hizi ni ndogo na zinaweka mengi mno, lakini mkono bado ni mkono. Diski yetu ilizunguka mara 7,200 kwa dakika, ndiyo mara 120 kwa sekunde. Kwa wastani inangoja nusu mzunguko, ambayo ni sehemu 4 hivi za elfu za sekunde, na mkono wenyewe unahitaji sehemu kama 9 za elfu kusogea mpaka mahali pake. Jumla 13. Mtaniambia: hiyo si kitu! Lakini prosesa inayopiga mapigo bilioni 3.1 kwa sekunde, katika muda huo imepiga mapigo milioni 40 bila kazi. Na mashini ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Diski ya namna hiyo huleta kama 75 kwa sekunde. SSD haina sahani wala mkono. Huweka habari katika vipande vya umeme visivyotembea, na huleta makumi ya maelfu katika sekunde ileile.

Binti akachukua karatasi akaniandikia hesabu, na karatasi ile ninayo mpaka leo. Akaandika: kuwaka ni sekunde 240. Akakadiria kwamba katika hizo, 30 ni kazi ya prosesa na 210 ni kungoja diski. Ukinunua prosesa yenye nguvu mara mbili, zile 30 zinakuwa 15, jumla 225. Umelipa bei kubwa, umeokoa sekunde 15. Ukiiacha prosesa na kuweka diski iliyo nyepesi mara kumi tu, zile 210 zinakuwa 21, jumla 51. Aliniambia kwamba mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, aliyeshiriki kuchora mashini kubwa za IBM, aliweka jambo hili mbele ya wenziwe: faida ya kuongeza nguvu ya sehemu moja ina mpaka, na mpaka huo ni kiasi cha muda ambao sehemu ile inatumika. Wanafunzi wa informatiki wanaiita sheria ya Amdahl. Nilisoma filosofia miaka mitatu na sikupata pale sheria ambayo ingeniokolea dola 45.

Sasa ningependa kusema kwamba tukanunua SSD, mambo yakaisha. Hapana. Binti aliendelea kuitazama ile asilimia 100, akanyamaza. Akasema: «Diski nzima ya afya haifanyi hivi, hata ikiwa nzee.» Akatoa kle ya USB mfukoni, akaweka programu ndogo ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Kumbe kila diski huandika yenyewe daftari la afya yake, linaloitwa SMART, na programu ile inalisoma tu. Bluu ni heri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Yetu ilikuwa njano.

Akanieleza. Diski imegawanywa katika vyumba vidogo mno. Chumba kikiharibika, diski inajaribu kukisoma tena na tena kabla ya kukata tamaa, na wakati huo wote kila mtu anangoja. Ikiweza, inahamishia habari katika chumba cha akiba na kuandika hesabu yake daftarini. Daftari letu lilionyesha vyumba vingi vilivyohamishwa, na vingine vilivyokuwa vinangoja kuhukumiwa.

—Mwalimu, vitabu hivi vina nakala nyingine?

Hapo nikahisi baridi tumboni. Nakala ilikuwapo, katika kle moja ndani ya droo, lakini niliifanya 2021. Niliyoandika baada ya hapo yalikuwa katika diski ile peke yake.

—Basi usiizime, akasema. Labda haitawaka tena. Tunakili kwanza.

Ilikuwa saa nane mchana. Tukaweka kle, tukaanza. Niliketi nikiutazama ule mstari wa kijani unaojaa, na kila uliposimama nilisimama nao. Nilimwomba jirani mwenye jenereta awe tayari, umeme ukikatika. Haukukatika, sijui kwa nini, mwezi ule ulikuwa unakatika kila siku. Saa moja ya usiku tulikuwa tumepata karibu yote. Faili moja ilikataa: ubatizo wa mwaka 1974 mpaka 1976. Tuliijaribu mara sita. Mashini ilikwaruza ndani, kama panya katika dari, kisha ikatuambia haiwezi. Faili ile ilikuwa na kazi yangu ya miezi minne.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mtunza sanduku, nikamwambia yote: DDR4, biti 32, miezi niliyonyamaza, na miaka ile mitatu iliyopotea. Ni mzee aliyefanya kazi ya hesabu katika kampuni ya madini, hapendi maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kwamba ninahitaji fedha nyingine, kama dola 30, kwa SSD ya gigabaiti 240. Akavua miwani.

—Mara hii unajua, Mwalimu, au unafikiri?

Nikatoa ile karatasi ya binti. Akaisoma polepole, kidole juu ya tarakimu. Akafika kwenye 225 na 51. Akachukua kalamu akazijumlisha tena mwenyewe, kisha akafungua sanduku.

Kununua SSD nako kuna mitego yake, nitawatajia michache. Mpya nyingi siku hizi ni za umbo la kipande kirefu chembamba kama kijiti cha ubani, na zinaitwa M.2. Bodi ya 2011 haina tundu lake. Tulitafuta ile ya inchi 2.5 yenye kiungo cha SATA, inayotumia waya zilezile za diski ya zamani. Tena sokoni kuna kle na diski zilizoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Hizo zimedanganywa ndani ili zitaje ukubwa zisio nao. Zinapokea habari zako zote kwa adabu, na ukirudi kuzichukua hukuti kitu. Binti aliijaza yetu yote kwa faili za kujaribia, akazisoma tena mpaka mwisho, kabla ya kuiamini.

Jambo la mfumo likaja pia. Ilikuwa inajulikana kwamba Microsoft ingeacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, kwa zile za Intel, pamoja na kijiti cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Yetu ni ya kizazi cha pili. Wako watu wanaoilazimisha kwa ujanja; mimi nilikuwa nimekwisha kushiba ujanja. Tukaweka Linux Mint ya biti 64, ambayo haina bei, na LibreOffice kwa vitabu vyetu. Siku ya kwanza mama sekretari alilalamika kwamba alama zimehama mahali pake. Siku ya nne hakulalamika tena.

Tukaiwasha. Nikachukua ufagio kwa mazoea. Sikufika mlangoni. Sekunde 45, nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Kitabu cha miaka ya sitini kikafunguka kabla sijaketi vizuri.

Na zile gigabaiti 8 sasa zinaonekana zote, kwa sababu ya biti 64. Nilimwambia mtunza sanduku kwa furaha kwamba fedha za kwanza hazikupotea basi. Akaniuliza zinatumika ngapi. Nikatazama: mbili na nusu. Akaitikia kwa kichwa tu.

Tangu hapo watu wananiita hapa na pale, nami nakwenda, lakini mkono wangu haugusi sanduku kabla ya kutazama zile asilimia. Katika zahanati moja nilikuta kompyuta yenye SSD tayari, nayo inalegea kila mchana. Kumbukumbu yake ilikuwa asilimia 96, na diski inakimbia huku na huku bila kupumzika. Hapo RAM ndiyo iliyopungua: mashini ikikosa nafasi huhamishia mzigo diskini na kuurudisha, kama yule mama mwenye kibanda kidogo. Tukaongeza gigabaiti 4, ikapona. Kule dawa yangu mbaya ilikuwa dawa nzuri. Katika shule moja mashini ilikwenda vema nusu saa, kisha ikazimia miguu, prosesa asilimia 100 na kelele ya feni kama helikopta. Walikuwa wamekwisha kuweka akiba ya kununua nyingine. Tulipofungua ubavu tulikuta vumbi jekundu la kiangazi limefunga feni kama blanketi. Prosesa ikipata joto kubwa hupunguza mapigo yake yenyewe ili isiungue. Brashi ya rangi ya kuta, isiyotumika bado, na pumzi kidogo, na bandiko jipya la joto juu ya prosesa. Walinunulia vitabu ile akiba.

Kijana mmoja wa kwaya ananishauri kila Jumapili tununue kadi ya picha kwa kompyuta ya biro. Kadi ya picha ni nzuri kwa michezo na kwa sinema. Vyeti vya ubatizo havichezi. Ningekuwa na dola 60 nyingine ningenunua onduleri, ili umeme ukikatika mashini ipate dakika chache za kufunga vitabu vyake kwa amani. Hiyo haiongezi mwendo hata kidogo, lakini nimekwisha kuona kitu kinachoua diski za watu hapa kwetu. Na huwa nafikiri pia, nikishika vipande hivi vilivyotumika na wengine kabla yetu, kwamba shaba iliyomo ndani yake huenda ilitoka katika mashimo tunayoyaona tukipanda juu ya kilima. Ilikwenda mbali, ikarudi imechakaa. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Diski ya zamani iko katika droo yangu. Sikuitupa. Nakala tunafanya kila Ijumaa, kle mbili, moja kwa Padri Paroko na moja kwa mtunza sanduku, maana SSD nayo hufa, tena mara nyingine hufa kimya bila kukwaruza.

Imebaki miaka ile mitatu, 1974 mpaka 1976. Kitabu chenyewe cha karatasi kipo, ingawa mchwa wamekula pembe ya chini, na mahali pengine sharti kusoma kwa kioo cha kukuzia. Siku moja mtunza sanduku alikuja biro jioni, akavuta kiti upande wa pili wa meza, akakichukua kitabu mikononi, akasema: «Mimi nasoma, wewe uandike.» Tangu siku ile anakuja kila Jumanne na Alhamisi. Anasoma kwa sauti, jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, tarehe. Mahali pengine anasimama na kuniambia mtu huyu alikaa wapi, au alikufa lini. Juma lililopita tulifika mwezi wa Agosti 1975, akasoma jina la mtoto wake wa kwanza kama anavyosoma mengine, nami nikaliandika. Mashini sasa inafungua faili kabla yeye hajapata miwani yake.